Bustani ya halmashauri yetu: kiingilio kinachopanda na ujira wa wanaoitunza

Nimekuwa mteja wa bustani ya mapumziko ya halmashauri ya mji ninaoishi, hapa Kanda ya Kati, kwa miaka sita sasa, na watoto wangu wawili wamejifunzia humo kupanda bembea, kuendesha baiskeli na kukaa na wenzao bila kugombana. Sitautaja mji wala bustani kwa jina, kwa sababu wafanyakazi wa pale ni kumi na wawili tu, wote wana mikataba ya miezi mitatu mitatu, na yeyote anayeifahamu bustani angewatambua mara moja katika haya nitakayoyaeleza. Nimeamua kuiandikia tathmini kwa kuwa baraza la madiwani limejadili katika kikao kimoja mambo mawili yanayoigusa moja kwa moja, yaani kupandisha viingilio na kuwaongezea ujira wafanyakazi hao, na nilikuwamo ukumbini nikisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwanza nieleze mteja anapata nini. Bustani ina ukubwa wa ekari nne hivi, imezungushiwa uzio wa senyenge, na ndani yake kuna mijohoro na miarobaini iliyokwisha kukomaa, miche mipya iliyopandwa upande wa magharibi kukinga upepo, bembea sita, kiwanja cha mpira wa miguu kisicho na nyasi, viti vya zege na kibanda cha duara ambako maharusi hupigia picha. Msomaji aliyezoea miji ya pwani au ya Nyanda za Juu Kusini anaweza kuona hayo ni kidogo. Lakini kwetu mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na inapokatika hufuata miezi ya jua na upepo unaobeba vumbi jekundu hadi ndani ya makabati. Kivuli na jani bichi mwezi wa Septemba ni kitu ambacho lazima kuna mtu amekifanyia kazi kila siku, wala hakijioteshi.

Mtu huyo, kwa bustani yetu, ni mzee mmoja wa Kigogo ambaye huniamkia kwa "Mbukwa, mama" kabla sijawahi kumtolea shikamoo yake. Nilimkuta asubuhi moja ya mwezi wa tisa, saa kumi na mbili na nusu, akiwa tayari amekwisha kumwagilia miche ishirini. Mpira wake wa maji ulikuwa umetoboka sehemu tatu, na kila tundu amelifunga kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akaukaza kwa waya. Kila mche amechimbia kisahani chake, na juu ya udongo ametandaza majani makavu ili jua lisiyanyonye maji mapema. Hahesabu dakika wala ndoo. Huingiza kidole cha shahada udongoni hadi kiungo cha pili, na kama ncha ya kidole inatoka na udongo ulioshikamana, huhamia mche unaofuata. Niliponyanyua sehemu ya ule mpira ili umfikie mche wa mbali, aliniomba nisiuvute kwa nguvu, kwa sababu wa kubadilishia hakuna na ombi lake la mpira mpya lilikuwa na miezi mitano tangu lipelekwe.

Vyoo ndiyo sehemu inayonifanya nisite kuwapendekezea wageni bustani hii bila masharti. Upande wa wanawake una milango mitano, na katika ziara zangu nne za mwisho mitatu ilikuwa imefungwa kwa kamba. Miwili iliyobaki ilikuwa safi kila mara, sakafu imekauka, pipa la maji limejaa na kata ya kuchotea ipo. Dada anayevisafisha aliniambia kwamba sabuni ya unga hununua mwenyewe katika wiki ya mwisho ya mwezi, kwa sababu ile ya kutoka stoo huwa imekwisha. Mtu anayelipwa shilingi 150,000 kwa mwezi, tena mara nyingi kwa kuchelewa, anatoa mfukoni mwake fedha ya kusafisha choo cha umma, na wengi wetu tunaokitumia hatujui. Nilimuuliza kwa nini hafanyi tu kazi kwa kiasi cha sabuni aliyopewa. Alinijibu kwamba watoto wanaingia peku.

Chakula nitakipita haraka: kuna vibanda vitatu vilivyokodishwa, chipsi ni nzuri, juisi ya ubuyu ni nzuri zaidi, na bei hazitofautiani na za mtaani.

Malipo ya langoni yanahitaji maelezo zaidi. Kiingilio kwa miaka yote niliyokwenda kilikuwa shilingi 500 kwa mtu mzima, watoto wakiingia bure. Mkusanyaji ana mashine ya kukatia risiti, na siku za kawaida kila mtu hupewa risiti yake bila kuidai. Tatizo huja Jumapili jioni na siku za sikukuu, pale mashine inapoishiwa chaji au mtandao unapopotea, kwa sababu foleni huwa ndefu na mkusanyaji hupokea fedha mkononi na kuruhusu watu kupita. Sidai kwamba fedha hiyo hupotea. Ninachosema ni kwamba mteja hana namna ya kujua iliko, na hata mkusanyaji mwenyewe hana kitu cha kumkinga endapo hesabu za jioni hazitalingana.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafahamu siku nilipokwenda kusikiliza baraza. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi, nasi hupewa viti vya nyuma bila ruhusa ya kuchangia. Wataalamu waliwasilisha mapendekezo kwamba kiingilio cha mtu mzima kiwe shilingi 1,000, watoto waanze kulipa shilingi 500, ukodishaji wa kiwanja upande kutoka 10,000 hadi 20,000 kwa mchezo mmoja, na maharusi wanaokuja kupiga picha walipe 30,000 badala ya 10,000. Katika taarifa hiyohiyo kulikuwa na ombi kwamba wafanyakazi kumi na wawili wa bustani waongezwe ujira kutoka shilingi 150,000 hadi 200,000 kwa mwezi.

Sehemu kubwa ya muda ilitumika kwa jambo ambalo baraza halina mamlaka nalo. Diwani mmoja alisimama na kuhoji kwa uchungu kwa nini tunazungumzia vibarua wa bustani ilhali watendaji wa kata na wauguzi wa zahanati wanasubiri nyongeza, na wengine watatu wakamuunga mkono. Ilibidi mweka hazina afafanue kwamba mishahara ya watumishi wa kudumu hupangwa na Serikali Kuu, chini ya Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi wa umma, na hulipwa kutoka Hazina. Alikumbusha kwamba mwaka 2022 kima cha chini kilipandishwa kwa asilimia 23.3, na kwamba katika Mei Mosi ya mwaka 2025, iliyoadhimishwa kitaifa hapahapa Kanda ya Kati mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini katika utumishi wa umma kipande kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai ya mwaka huo. Kikao cha halmashauri hakiongezi wala hakipunguzi hata shilingi moja katika viwango hivyo.

Wafanyakazi wa bustani, kwa upande wao, hulipwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ushuru, ada, leseni na vyanzo vingine vinavyokusanywa papo hapo mjini. Kwa hao, baraza ndilo lenye kauli. Naliona jambo hili kuwa kiini cha mjadala mzima, na lilinisikitisha kuona limefikiwa dakika za mwisho, wajumbe wamekwisha kuchoka na baadhi yao wamekwisha kuinuka. Mama mmoja wa viti maalumu ndiye aliyelirudisha mezani. "Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "hawa hawana Mei Mosi nyingine. Mei Mosi yao ni sisi." Ukumbi ulinyamaza, kisha hoja ikaendelea.

Hoja iliyotolewa kuwapinga ilikuwa ya fedha, nayo inastahili kujibiwa kwa hesabu. Mapato ya ndani yana wadai wengi. Asilimia 10 yake hutengwa kisheria kwa ajili ya mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na sehemu nyingine kubwa lazima iende katika miradi ya maendeleo. Kinachobaki ndicho kinacholipa umeme wa ofisi, mafuta ya gari la taka, posho za vikao na vibarua. Kumwongezea kila mmoja wa wale kumi na wawili shilingi 50,000 ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na ni haki kuuliza zitoke wapi.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata niliketi karibu na lango tangu saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, nikihesabu watu wazima kwa kuchora vistari kwenye daftari la mwanangu. Walikuwa 412. Kwa kiingilio cha 500, hiyo ni shilingi 206,000 kwa alasiri moja. Nikachukulia kwamba kiingilio cha 1,000 kingemfukuza mtu mmoja katika kila watatu, jambo ambalo naliona linawezekana katika mji wa watu wa kipato chetu. Wangebaki 275 hivi, na makusanyo yangekuwa shilingi 275,000. Ongezeko ni 69,000 kwa Jumapili, au 276,000 kwa Jumapili nne. Upande wa maharusi, Jumamosi mbili nilizokuwapo kulikuwa na misafara mitatu kila siku, na nyongeza ya 20,000 kwa kila msafara huleta 240,000 kwa mwezi wenye Jumamosi nne. Jumla ni 516,000. Pengo la 84,000 linalobaki, katika mwezi wenye sikukuu, huzibwa na siku moja ya Idi au ya Krismasi, wakati bustani inapojaa hadi watu wakakalia mizizi.

Kumbuka kwamba katika hesabu hiyo sijamtoza mtoto hata mmoja, wala sijagusa kiwanja. Ndiyo maana naunga mkono kiingilio cha mtu mzima na ada ya maharusi, na napinga kwa nguvu zote ada ya watoto na ile ya kiwanja kwa timu za mitaani. Anayeweza kukodi gari la kubeba wapambe na mpiga picha hatashindwa na shilingi 30,000. Lakini pale kwetu kuna timu ya watoto wa darasa la nne hadi la saba wanaocheza kila Jumamosi asubuhi chini ya kijana mmoja anayejitolea. Wana mpira mmoja, na ile 10,000 ya sasa huchangishana kwa mia tano tano kutoka kwa wazazi. Ikiwa 20,000, watarudi kuchezea kandokando ya barabara kuu, ambako malori ya kwenda bara hupita usiku na mchana. Mzazi mwenye watoto wanne naye atalipa shilingi 3,000 kabla hajanunua hata karanga, na atawaacha nyumbani.

Kuna jambo jingine kuhusu siku za sikukuu ambalo halikutajwa kabisa ukumbini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na inataka mfanyakazi anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya ujira wake wa msingi kwa kila saa. Bustani huingiza fedha nyingi zaidi siku hizohizo. Watatu kati ya wafanyakazi niliozungumza nao waliniambia kwamba hawajawahi kulipwa tofauti kwa Idi, Pasaka wala Krismasi. Hapo hatuzungumzii nyongeza inayoombwa kwa hisani; tunazungumzia stahiki, na ningependa kamati ya fedha ianzie hapo kabla ya kujadili kiwango kipya.

Baraza liliafiki nyongeza ya ujira kwa sharti kwamba mapato ya bustani yaongezeke, na likaagiza viwango vipya vya ada virudi kamatini. Kisheria safari ya ada ni ndefu. Kiwango cha ada ya halmashauri hukaa ndani ya sheria ndogo, na sheria ndogo lazima itangazwe kwa wakazi ili watoe maoni au pingamizi, ipitishwe na baraza, ipelekwe kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha itangazwe katika Gazeti la Serikali. Hadi hapo, kiwango halali ni kile cha zamani.

Ndiyo maana nilishtuka, Jumapili mbili baadaye, nilipokuta karatasi imebandikwa kwenye dirisha la mkusanyaji ikisema mtu mzima 1,000, mtoto 500. Nilimuuliza kijana kwa upole agizo limetoka wapi. "Tumeambiwa tuanze, mama," alisema, na nikaona kwamba naye hakuwa na la zaidi. Nilitoa noti ya 2,000 kwa ajili yangu na watoto wawili. Mashine ilikuwa bado imepangwa kwa kiwango cha zamani na haikuweza kuandika 1,000, hivyo alibonyeza mara nne na kunipa risiti nne za shilingi 500, kila moja ikisomeka "mtu mzima 1". Kwa kumbukumbu za halmashauri, siku ile niliingia na watu wazima watatu ambao hawakuwapo. Risiti hizo nimezihifadhi na nakala zake nimeziambatanisha na barua niliyoipeleka ofisi ya mkurugenzi, ambayo ilipokewa na kugongwa mhuri.

Karatasi ile iliondolewa wiki iliyofuata na kiingilio kikarudi 500. Hilo nalisema kwa haki, kwa sababu ofisi nyingi zingekaidi. Lakini ujira nao umebaki ulivyokuwa, kwa kuwa umefungwa pamoja na ada, na hapo ndipo ninapoona baraza lilikosea. Malipo ya sikukuu na ulipaji wa ujira kwa tarehe havihitaji kusubiri Gazeti la Serikali. Vinahitaji mtu wa kusaini. Ningependa pia kuona makusanyo ya bustani yakisomwa peke yake katika taarifa ya kila robo mwaka, pamoja na matumizi yake, badala ya kuchanganywa na ushuru wa stendi na wa mnada, ili mteja anayeombwa kuongeza 500 aone zimekwenda kwenye mpira wa maji, sabuni na mfuko wa yule mzee.

Kwa mwenzangu anayefikiria kwenda: nimekaa Nyerere Square pale Dodoma mjini bila kuulizwa tiketi, na kwa kupumzika dakika kumi katikati ya shughuli sehemu kama ile inatosha. Kwa alasiri nzima ukiwa na watoto, bustani yetu bado ni bora kuliko chochote kilicho karibu nasi, na kwa shilingi 500 ni rahisi mno. Hata kwa 1,000, vyoo vikifunguliwa vyote vitano, ningelipa bila kusita. Nenda siku ya kazi baada ya saa tisa na nusu, jua likishaanza kupoa, maana viti vya chini ya mijohoro huwa vitupu. Beba maji ya kunywa. Dai risiti hata foleni ikiwa ndefu, na kama mashine imezima, mwombe mkusanyaji aandike jina lako na kiasi kwenye daftari lake. Nimewahi kumwomba na alikubali. Kwenye mlango wa vyoo vya wanawake kuna kopo la plastiki ambalo dada yule hakuliweka yeye. Liliwekwa na mteja mmoja kwa ajili ya sabuni, na mia mbili au mia tano zinazotumbukizwa humo hutumika kwa kazi hiyo.

Kikao cha robo kinachofuata kitaipokea tena taarifa ya kamati ya fedha kuhusu ada hizi. Viti vya nyuma kwa ajili ya wananchi ni kama ishirini hivi, na mara ya mwisho tulikuwa wanne, mimi, mwandishi mmoja wa redio ya mjini, yule kijana wa timu ya watoto na mzee wa bustani, aliyekuja na viatu vyake vya kazini vikiwa bado na tope.